Kuli, Mgomo na Mapatano: Haki ya Kuunda Chama katika Fasihi na katika Sheria

Vitabu viwili vya Kiswahili, vilivyotoka karibu karibu, vimechukua habari ya watu wa kazi wanaotaka kuwa na umoja wao. Cha kwanza ni riwaya ya Shafi Adam Shafi, Kuli, iliyopigwa chapa na Tanzania Publishing House mwaka 1979. Cha pili ni tamthilia ya Alamin Mazrui, Kilio cha Haki, ya mwaka 1981. Aghalabu vitabu hivi husomeshwa kama mifano ya fasihi ya matabaka: mwanafunzi hutakiwa ataje mnyonyaji ni nani na mnyonywaji ni nani, akishawataja hupewa alama zake na kitabu kikafungwa. Usomaji wa namna hiyo si wa uongo, lakini unapita juu juu. Yafaa vitabu hivi visomwe pia kwa jambo moja lililo jembamba zaidi, nalo ni ule muda ulio baina ya siku mfanyakazi wa kwanza anapomwambia mwenziwe maneno ya umoja na siku chama chao kinapotambuliwa. Katika muda huo mfanyakazi hana chama cha kumtetea, na mwajiri amekwisha kumjua. Hoja ya makala haya ni kwamba watunzi wawili hawa wameuona muda huo kwa macho makali kuliko watunga sheria. Na kwamba sheria ya kazi ya Tanzania Bara, juu ya wema wake mwingi, imeuacha bila ya kinga ya kutosha.

Kwanza yapasa kutazama maneno yenyewe, maana lugha ya kazi katika pwani hii haikutungwa na wafanya kazi. Neno kuli liliingia bandarini pamoja na biashara ya Bahari ya Hindi, na maana yake ni mtu wa kubeba tu. Kibarua, kama kamusi za zamani zielezavyo, ni barua ndogo: kile cheti alichopewa mtu asubuhi ili akirudishe jioni apate ujira wake. Baadaye cheti kikampa mtu jina lake, na yule aliyekishika akaitwa kibarua yeye mwenyewe. Manamba ni mtu wa mashamba ya mkonge aliyeandikwa kwa nambari. Nyapara ni yule aliyewekwa juu ya wote hao. Maneno haya yote yamemtazama mtu kutoka upande wa anayelipa: mmoja ni mzigo wake, mwingine ni cheti chake, mwingine ni hesabu yake. Hapana hata moja linalomtaja pamoja na mwenziwe.

Neno mgomo nalo lina asili ya namna hiyo. Punda hugoma, na hata leo mtambo husemwa kuwa umegoma. Katika matumizi hayo anayesema ni mwenye punda au mwenye mtambo, naye huona kasoro tu: kitu kilichokuwa kikienda sasa hakiendi. Hakuna anayemwuliza punda sababu. Basi pale watu walipoanza kulitumia neno hilo kwa nafsi zao, wakasema "tumegoma", walifanya jambo kubwa katika lugha. Kitenzi cha kasoro kikawa kitenzi cha nia, tena kikapata nafsi ya wingi. Mabadiliko haya ya maana ndiyo shina la Kuli, na mhakiki anayekimbilia mgomo wenyewe bila ya kutazama namna watu walivyofikia kulisema neno hilo huukosa uzuri mkubwa wa kitabu.

Riwaya yenyewe yajengwa juu ya maisha ya Rashidi, mtoto wa kuli aitwaye Majaliwa. Baba anakufa kwa kazi ya bandarini, na mtoto, baada ya kuhangaika, anaishia katika kazi ile ile. Mtunzi hakumfanya Rashidi kuwa shujaa aliyezaliwa na fahamu. Fahamu yake aipata kidogo kidogo, hasa kwa Faraji, ambaye ni mwenziwe katika kazi na si bwana wala mwalimu wa shule. Wanazungumza, wanaulizana, wanasoma. Kwa msomaji mwenye haraka mazungumzo hayo yaweza kuonekana marefu, na kwa kweli ziko kurasa ambazo wahusika husemeshwa kama wahutubu, hata sauti ya mtu mmoja ikawa vigumu kuipambanua na ya mwingine. Hilo ni kosa la sanaa na halifai kufichwa. Lakini urefu wenyewe una kazi yake. Mtunzi anaonyesha kwamba chama hakianzi katika ofisi ya msajili. Huanza katika mazungumzo ya watu wawili watatu, na mazungumzo hayo ndiyo yanayoweza kumfukuzisha mtu kazi.

Historia iliyo nyuma ya riwaya ni ya kweli. Mwezi wa Agosti mwaka 1948 makuli wa bandari ya Unguja, waliokuwa wakifanya kazi chini ya African Wharfage Company, waligoma, na mgomo ukaenea hadi ukawa wa mji mzima. Kiongozi wake aliyejulikana zaidi alikuwa Abbas Othman. Haukuwa wa kwanza katika pwani. Mombasa ilikuwa imesimama mwezi wa Januari mwaka 1947, na kutokana na mgomo ule kikatokea chama cha African Workers' Federation. Kabla ya mwaka kwisha kiongozi wake, Chege Kibachia, alikuwa amekwisha kukamatwa na kuhamishwa mbali na pwani. Dar es Salaam nako makuli waligoma mwaka 1947, wakapata chama chao kilichoandikishwa kwa mujibu wa sheria; lakini mwaka 1950, baada ya mgomo mwingine na ghasia, chama kile kikafutwa. Bandari tatu hizo zatoa fundisho moja. Serikali ya kikoloni haikukataa kabisa kwamba wafanyakazi waweza kuwa na chama. Ilikubali kwa maandishi, kisha ikajiwekea mkono juu ya daftari la usajili, na juu ya mtu aliyetangulia mbele.

Hapa ndipo Kuli yastahili sifa, na hapo hapo ndipo yastahili lawama. Yastahili sifa kwa sababu imeonyesha kwamba adhabu haikuwangukia wote kwa pamoja, bali ilimtafuta mtu mmoja mmoja. Rashidi anaingia gerezani kwa sababu ya mgomo. Yastahili lawama kwa sababu, kwa kuiweka habari yote katika mwaka 1948, imempa msomaji ruhusa ya kuamini kwamba taabu hiyo ilikuwa ya mkoloni na ilikwisha pamoja naye. Riwaya ilitoka mwaka 1979. Wakati huo Tanzania ilikuwa na chama kimoja tu cha wafanyakazi, JUWATA, kilichokuwa jumuiya ya Chama Cha Mapinduzi. Kumsifu kuli wa mwaka 1948 aliyegoma bila ya idhini kulikuwa salama. Kuuliza kama kuli wa mwaka 1979 angeweza kufanya vile vile lilikuwa jambo jingine. Riwaya haikuuliza.

Yafaa kukumbuka namna neno chama lilivyofika hapo. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika liliundwa mwaka 1955, na Rashidi Kawawa akawa katibu wake mkuu. Vyama vyake vilikuwa nguzo ya harakati za uhuru. Mwaka 1962, mara baada ya uhuru, sheria mpya zikaufanya mgomo kuwa mgumu. Mwaka 1964, baada ya maasi ya askari ya mwezi wa Januari, shirikisho likavunjwa, na mahali pake sheria ya Bunge ikaweka NUTA, ambayo katibu wake mkuu aliteuliwa na Rais. Basi neno chama likabaki na umbo lake lile lile, lakini maana yake moja ikaondoka, yaani kuingia kwa hiari. Wakati wafanyakazi wa viwanda kadha vya Dar es Salaam walipowagomea mameneja wao baada ya Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, mara nyingi walifanya hivyo bila ya chama chao kilichotambuliwa, kwa kuwa hawakukiona kuwa ni chombo chao. Sheria ilikuwa imewapa chama na kuwanyima haki ya kukiunda.

Kilio cha Haki chaikaribia saa hiyo kwa njia nyingine. Mazrui hakuchukua mgomo wa historia wenye mwaka wake. Aliweka shamba la tajiri mgeni, Delamon, na wafanyakazi wake, na mbele yao akamweka mwanamke, Lanina. Kwa kuwa ni tamthilia, maneno hayana msimuliaji wa kuyaeleza, na kwa hiyo hatari yaonekana wazi zaidi. Lanina hapambani na Delamon peke yake. Apambana pia na fikira za wanaume wa upande wake, akiwamo mumewe, wanaoona kwamba mwanamke hana mahali katika uongozi wa namna ile. Huo ni uchunguzi wa maana kubwa. Mwajiri hahitaji daima kumfukuza mtu; yamtosha kuona kwamba wenziwe wamemwacha peke yake. Mtunzi mwenyewe aliwekwa kizuizini na serikali ya Kenya mwaka 1982, na habari hiyo haiwezi kufanywa kuwa hoja ya uhakiki. Lakini hapana budi itajwe, ili asije mtu akadhani kwamba mambo ya tamthilia hii yalikuwa ya zamani za kale.

Sasa yafaa vitabu hivi vipimwe pamoja na sheria. Kazi si jambo la Muungano, na Zanzibar ina sheria zake za mwaka 2005. Sheria inayochunguzwa hapa ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara, namba 6 ya mwaka 2004, katika maandishi yake kama yalivyopitishwa, na marekebisho yoyote yaliyofuata yapimwe kwa mizani hiyo hiyo. Sheria hiyo ilikuja baada ya Tanzania kuridhia, mwaka 2000, Mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani juu ya uhuru wa kuunda vyama. Mkataba namba 98, juu ya haki ya kujipanga na kupatana kwa pamoja, Tanganyika ilikuwa imekwisha kuuridhia mwaka 1962. Hapana haki kuisema sheria hii kwa ubaya tu. Kifungu cha 9 champa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama na kujiunga nacho, na chakataza asibaguliwe kwa sababu hiyo. Kifungu cha 37 chasema kwamba uanachama si sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi. Kifungu cha 39 chamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba alimwachisha kwa haki. Chama chenye wingi wa wafanyakazi mahali pa kazi hutambuliwa kuwa ndicho chenye kupatana na mwajiri. Makuli wa mwaka 1948 wangalipewa maneno haya, wangaliyapokea kwa furaha.

Lakini msomaji wa Kuli atauliza maswali matatu. La kwanza ni la kibarua. Kifungu cha 35 chasema kwamba kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu mtu ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri mmoja. Hapana shaka sababu yake ilikuwa kumpa mwajiri muda wa kumjaribu mtu. Walakini mtu wa bandarini, wa shambani na wa ujenzi aghalabu ni mtu wa kuchukuliwa na kuachwa, na miezi 6 yake yaweza isitimie maisha yake yote. Katazo la ubaguzi bado linamhusu, lakini njia iliyo fupi, ile inayomlazimisha mwajiri aseme sababu na kuithibitisha, imefungwa kwake. Cheti cha asubuhi kinachorudishwa jioni bado kina nguvu.

Swali la pili ni la Rashidi: aliyefukuzwa atarudi lini, na atarudi wapi? Kifungu cha 40 chatoa njia tatu, yaani kurudishwa kazini, kuajiriwa upya, au kulipwa fidia. Kisha chaongeza kwamba mwajiri aliyeamriwa kumrudisha mtu akiamua kutomrudisha, atamlipa fidia ya ujira wa miezi 12, pamoja na stahili zake nyingine. Kwa aliyefukuzwa kwa ugomvi wa kawaida, huenda malipo hayo yakatosha. Kwa aliyefukuzwa kwa sababu ya chama hayawezi kutosha, kwa kuwa aliyeumizwa si yeye peke yake. Wenziwe waliobaki ndani wameona kwamba aliyetangulia ameondoka na hakurudi, na somo hilo halifutwi na fedha anazolipwa mtu mmoja nje ya lango. Kwa mwajiri mwenye uwezo, fidia hiyo ni bei ya kukiua chama kabla hakijazaliwa.

Swali la tatu ni la hesabu. Kifungu cha 46 chataka chama kiwe na watu wasiopungua 20 ndipo kiandikishwe. Kwa bandari hiyo ni idadi ndogo. Kwa karakana ya watu 12, au kwa watumishi wa nyumbani ambao kila mmoja yumo katika nyumba yake, ni lazima kwanza watoke wawatafute wenzao, na kutafuta huko ndiko kunakofanyika katika ule muda usio na kinga.

Wako watakaojibu kwamba kasoro hizi si kubwa, na kwamba kinga ikizidi, waajiri wataogopa kuandika watu. Jibu hilo lastahili kusikilizwa, kwa maana kazi ni chache na wanaoitafuta ni wengi. Lakini kinachodaiwa hapa si kwamba mfanyakazi mzembe asiachishwe, wala kwamba mshahara upandishwe kwa amri. Kinachodaiwa ni kwamba sababu moja tu, yaani kuunda chama, isiwe na njia ya siri wala bei. Wako pia watakaosema kwamba wafanyakazi wenyewe hawavipendi vyama, na watakumbusha makato ya lazima ya zamani za NUTA na JUWATA. Ni kweli kwamba kumbukumbu hiyo ni chungu. Bali yathibitisha kinyume cha wanachotaka kukithibitisha: chama kilichowekwa kutoka juu kiliwachosha watu kwa sababu hawakukiunda wao. Dawa ya chama cha kulazimishwa ni haki iliyo imara ya kuunda kingine kwa hiari.

Iko sehemu moja ya jambo hili iliyo ya wataalamu wa lugha hasa, nao hawana udhuru wa kuikimbia. Sheria ya mwaka 2004 ilitungwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za nchi na ya mahakama, na kwa hiyo maneno ya haki hii yanapaswa sasa kupimwa kwa Kiswahili. Baadhi ya maneno yanayotumika ni dhaifu. Kujumuika, katika Kiswahili cha kila siku, ni kukutana na watu kwa arusi au kwa maziko. Halina ndani yake tendo la kuanzisha kitu. Kuunda chama lina tendo hilo. Majadiliano ya pamoja ni mazungumzo, na mazungumzo yaweza kwisha kama yalivyoanza. Sokoni watu hupatana bei, na kitenzi hicho, kwa kuwa kina pata ndani yake na -na mwishoni, chasema kwamba kila upande umepata kitu kutoka kwa mwenziwe. Mapatano ya pamoja lingesema wajibu ambao majadiliano limeuacha. Kadhalika kuachishwa kazi ni kauli ya kutendwa isiyomtaja mtenda: mtu ameachishwa, na aliyemwachisha hayumo katika sentensi. Kifungu kinachosema "mwajiri hatamwachisha kazi mfanyakazi kwa sababu ya chama" chaweka wajibu mahali pake. Kifungu kinachosema "mfanyakazi hataachishwa" chamwacha msomaji akimtafuta mwenye kosa. Kifungu cha 16 cha sheria hiyo chamtaka mwajiri abandike mahali pa wazi maelezo ya haki za mfanyakazi. Karatasi hiyo itakuwa na faida kwa kadiri maneno yake yanavyomfikia msomaji wake, ambaye hakusomea sheria.

Katiba nayo ingefaa kutazamwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 41, yataja kwa jina haki ya mfanyakazi ya kuunda chama, kujiunga nacho na kugoma. Ibara ya 20 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 yazungumzia uhuru wa mtu kushirikiana na wengine, na chama cha wafanyakazi hakikutajwa humo kwa jina, kimeachwa kieleweke. Haki inayoachwa ieleweke ndiyo hupunguzwa kwa urahisi, kama miaka ya 1962 na 1964 ilivyoonyesha.

Kwa hiyo mambo manne yapasa kudaiwa, na vitabu viwili hivi vyatosha kuwa mashahidi wake. Kinga ya anayeunda chama ianze siku yake ya kwanza ya kazi, wala isingoje miezi 6. Aliyefukuzwa kwa sababu hiyo arudishwe kazini wakati shauri lake likiendelea, na mwajiri asiruhusiwe kuununua uamuzi wa kumrudisha. Haki hiyo itajwe kwa jina katika Katiba. Na maandishi yake ya Kiswahili yatungwe na watu wanaoijua lugha ya bandari, ya shamba na ya soko, yakisomwa kwanza mbele ya wale watakaoyategemea. Hilo la mwisho ni kazi ya vyuo vya lugha, na halihitaji kungoja Bunge: istilahi za sheria ya kazi zaweza kukusanywa, kulinganishwa na kusahihishwa tangu sasa, bandari kwa bandari na kiwanda kwa kiwanda, kuanzia na maneno ya watu wenyewe wanapozungumza wawili watatu kabla chama hakijapata jina.